Kericho hukausha majanichai, lakini nani atakausha chumba chako?

Kama umewahi kupanga chumba Kericho mjini, Litein, Kapkatet au Silibwet, hadithi hii unaijua. Unavuta viatu vya kanisa kutoka chini ya kitanda, vile uliviweka wiki tatu tu zilizopita, unavikuta vimeota manyoya meupe. Shati uliloanika ndani Jumatatu bado lina unyevu Alhamisi, na hata ukilipiga pasi linabaki na ule uvundo ambao marashi hayafichi. Nyuma ya kabati kuna madoa meusi yaliyokuwa na ukubwa wa sarafu mwezi wa tatu, na sasa yametandaa kama sinia. Ukimwambia keateka, jibu lake ni lile lile: "Hapa ni Kericho bana. Baridi ndiyo hiyo."

Kiswahili chenyewe kina neno moja kwa vitu hivi viwili. Ukungu ni ule unaotanda juu ya mashamba ya majanichai asubuhi, na ukungu ni ule unaoota ukutani. Pengine ndiyo sababu tumezoea kuuchukulia huu wa pili kama ule wa kwanza: hali ya hewa, kazi ya Mungu, jambo lisilo na mwenyewe. Katika makala haya nitauita wa ukutani kuvu ili tusichanganye mambo. Na nataka tukubaliane jambo moja kabla hujafika mwisho: kuvu ya chumbani si hali ya hewa. Ni maji ambayo kuna mtu hakugharamika kuyazuia au kuyatoa. Swali ni nani alipaswa kugharamika.

Tukitaka kukausha, tunajua

Ukipita karibu na kiwanda cha chai, iwe Litein, Mogogosiek au Kapset, kuna uwezekano utaona kuni za mikaratusi zimepangwa zikawa kama ukuta. Kazi kubwa ya kuni hizo ni kutoa maji. Jani bichi likifika kiwandani, karibu robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji. Linanyaushwa, linasagwa, linaachwa libadilike rangi na ladha, kisha linaingizwa kwenye kikaushio cha hewa moto mpaka unyevu ubaki kama asilimia 3 hivi. Hakuna meneja wa kiwanda anayesema "hapa ni Kericho, baridi ndiyo hiyo". Anajua chai ikifungwa ikiwa na unyevu itaharibika kabla ya kufika mnada wa Mombasa, na pesa zitakuwa zimeenda.

Mahindi nayo vivyo hivyo. Mkulima wa Bomet au Kericho akipeleka magunia yake kwa Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB), kitu cha kwanza ni kipimo cha unyevu. Ukizidi asilimia 13.5, rudi ukaanike. Ukali huu una sababu. Mwaka 2004, katika kaunti tunazoziita leo Makueni na Kitui pamoja na maeneo jirani, mahindi yaliyohifadhiwa bila kukauka yaliota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Wagonjwa 317 waliandikishwa na 125 kati yao wakafa. Tangu hapo, ukisema "kuvu" Kenya, mtu anawaza unga. Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina kiwango chake, yaani sehemu 10 za sumu hiyo katika kila sehemu bilioni moja, na tumewahi kuona chapa za unga zikiondolewa madukani kwa kuzidisha.

Kwa hivyo usiambiwe kwamba unyevu ni kitu ambacho nchi hii haielewi. Tunauelewa vizuri, tena kwa desimali, mradi uko ndani ya kitu kinachouzwa. Chumba anacholala mtu aliyechuna jani hilo au kupanda hayo mahindi hakipimwi na mtu. Hakina mkaguzi wa kukipitia, wala siku iliyowekwa ya kurekebishwa.

Maji yanatoka wapi?

Tuanze na mbingu, tusiionee. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za ukanda wa majanichai hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima mchana na kuangusha mvua alasiri, mara nyingi na mawe yake. Chai inapenda hali hiyo, na kuvu pia.

Lakini mvua ya nje haioti kuvu ndani mpaka ipate njia. Mbegu za kuvu ni ndogo kuliko vumbi na ziko kila mahali, hata kwenye hewa unayovuta sasa hivi. Chakula chake ni vumbi, rangi, mbao, ngozi ya viatu, kitambaa na karatasi, na vyote hivyo unavyo. Kinachokosekana ni maji tu. Kitu kikilowa na kikakaa saa 24 hadi 48 bila kukauka, kuvu huanza maisha yake.

Sasa angalia keja ya kawaida: futi kumi kwa kumi, ukuta wa bloku, mabati juu, dirisha moja dogo ambalo hamlifungui kwa sababu ya baridi, na jirani ukuta kwa ukuta. Ndani mnalala wanne. Kila mmoja wenu anatoa mvuke usiku kucha kwa pumzi na jasho. Mnapika humo humo. Kama ni stovu ya mafuta taa, kila lita unayoichoma huacha karibu lita nzima ya maji hewani, na jiko la gesi nalo hutoa mvuke. Kisha mnaanika nguo ndani, kwa sababu mara ya mwisho mlipoanika nje mvua ya saa nane ilizifua upya. Usiku mabati yanapoa haraka, mvuke wenu unayagusa na kugeuka matone. Asubuhi mnasema paa linavuja, kumbe ni pumzi zenu zimewarudia.

Ndiyo maana nyumba mpya ya mawe na saruji inaweza kuwa na kuvu kuliko nyumba ya udongo na nyasi ya kina kogo kule reserve. Ile ya zamani ilikuwa na upenyo kila mahali na moto uliokaa ukiwaka. Tusiipambe, moshi wake uliumiza mapafu na macho ya watu wengi. Lakini ilipumua. Tumejenga nyumba zisizopumua, tukaweka watu wengi ndani, kisha tunawalaumu kwa kupumua.

Kuvu inakufanyia nini mwilini

Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo. Ulichosema ni kwamba watu wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wako katika hatari kubwa zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua, kupata maambukizi ya njia ya hewa, na pumu yao kuzidi. WHO haikuweka kiwango cha kuvu ambacho ni salama. Ilisema tu unyevu uzuiwe, na ukitokea uondolewe.

Kwa lugha ya ploti: ukiamka pua imeziba, macho yanawasha, unapiga chafya kumi mfululizo, halafu ukienda nyumbani ushago wikendi unapona na ukirudi Jumapili jioni inaanza tena, usiishie kununua dawa ya mafua. Shuku chumba. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wazee, wenye pumu au mzio, na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua.

Kuna kundi moja ambalo halizungumziwi sana. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona anaweza kubaki na makovu na mapango kwenye mapafu. Kuvu aina ya Aspergillus, ambayo iko hewani kila mahali na si ukutani kwako tu, inaweza kuota ndani ya mapango hayo. Dalili zake ni kikohozi kisichoisha, kupungua uzito, hata kukohoa damu, yaani zile zile za kifua kikuu. Katika nchi yenye mzigo mkubwa wa TB kama yetu, ni rahisi mtu kama huyo kurudishwa kwenye dawa za TB ilhali vipimo haviioni. Kama una mzazi au jamaa wa namna hiyo, mwambieni daktari historia nzima, na nyumba mnayoishi pia.

Hata hivyo, tusiingiwe na woga usio na msingi. Kuna video nyingi mtandaoni zinazodai kwamba kuvu nyeusi ni sumu inayoua moja kwa moja. Rangi haikuambii hatari. Nyeusi, kijani, nyeupe, zote unazishughulikia namna moja: ondoa maji, ondoa kuvu. Na si kila kikohozi ni kuvu. Moshi, vumbi, sigara na virusi vipo. Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda ukapimwe, usijitibu kwa kusoma makala kama haya.

Kosa ni la nani?

Hapa ndipo vita vya mpangaji na landilodi huanzia. Mwenye nyumba anasema: "Mnaanika nguo ndani na hamfungui madirisha." Mpangaji anasema: "Nyumba yako ni mbovu." Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na kuna njia ya kuamua. Angalia ukuta wako, kwa sababu maji huacha alama kulingana na yalikotoka.

Maji ya kwanza ni ya mvuke wa ndani. Madoa huwa kwenye pembe zenye baridi, nyuma ya kabati na kitanda vilivyosukumwa ukutani, na kandokando ya dirisha. Huzidi miezi ya baridi, hata kama mvua haijanyesha.

Maji ya pili ni ya kuvuja. Doa lina duara la kahawia, liko kwenye dari au juu ya ukuta, na hukua baada ya kila mvua. Hapo kuna msumari wa mabati uliolegea baada ya mvua ya mawe, gata iliyoziba au bomba lililopasuka.

Maji ya tatu yanapanda kutoka ardhini. Ukuta umelowa kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno hivi, plasta inabanduka, na kuna chumvi nyeupe juu yake. Maana yake ni kwamba tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi, lile mafundi huliita DPC, halikuwekwa au limeharibika.

La pili na la tatu ni la mwenye nyumba, mchana kweupe. Huwezi kufungua dirisha ukazuia maji yanayotoka chini ya msingi. La kwanza ni la wote wawili, na hata hapo, dirisha lisilofunguka na ploti isiyo na mahali pa kuanika palipoezekwa si makosa ya mpangaji. Mabati machache ya plastiki angavu juu ya nguzo nne, pande zikiwa wazi, yangetosha kuondoa nguo zenye maji katika vyumba ishirini. Ni mwenye ploti anayeweza kujenga hicho kibanda, kwa sababu uwanja ni wake.

Lakini mara nyingi kinachotokea ni kingine kabisa: rangi. Keateka anakuja na ndoo, anapaka juu ya kuvu, chumba kinang'aa siku thelathini, madoa yanarudi. Kisha siku ya kuhama unakatwa dipoziti kwa sababu "umeharibu ukuta". Yaani umelipia kuvu mara mbili, kwa kifua na kwa mfuko.

Mtoto aliyebadilisha sheria

Jibu hilo la "paka rangi" lina historia ya kuhuzunisha mbali na hapa. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, familia moja iliyotoka Sudan iliishi kwenye fleti ya shirika la nyumba za kijamii. Baba aliripoti kuvu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi. Mtoto wao Awaab Ishak aliishi katika fleti hiyo na akafariki Desemba 2020, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Novemba 2022, afisa anayechunguza vifo aliamua kwamba mtoto alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kukaa muda mrefu kwenye kuvu. Suala la namna familia inavyoishi ndani ya nyumba lilikuwa limetangulizwa mbele ya suala la jengo lenyewe. Je, si ndilo lile lile tunaloambiwa na keateka?

Wazazi hawakunyamaza. Bunge la huko lilipitisha sheria mwaka 2023, na sehemu yake iliyopewa jina la mtoto huyo ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025. Inasema hivi kwa wenye nyumba za kijamii: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Ripoti ya unyevu au kuvu kubwa ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na ikithibitika kuwa hatari, nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Ukiisoma mara ya pili utaona kwamba uzito wake wote uko kwenye siku. Mpangaji hahitaji kuomba huruma. Anahesabu.

Sisi tuna sheria gani?

Tunazo, tena si chache. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinachukulia kwamba anayekukodisha nyumba au chumba amekuahidi, hata kama hamkuandikiana, kuwa mahali hapo panafaa kuishi binadamu siku unapoingia na pataendelea kufaa muda wote wa upangaji. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu makao yanayohatarisha afya kuwa kero, na afisa wa afya anaweza kumpa mwenye nyumba ilani ya kuiondoa. Afya na nyumba zote mbili ni kazi za kaunti. Kwa hivyo huyo afisa hayuko Nairobi. Yuko Kericho na Bomet.

Mwanya uko wapi? Kwanza, "inafaa kuishi binadamu" haikuambii siku ngapi. Muda hutegemea ilani, ilani hutegemea afisa, na afisa hutegemea kama kuna mtu aliyempigia simu. Pili, Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, iliyoweka baraza maalumu la migogoro ya wapangaji wa makazi, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Waulize wanafunzi wanaopanga karibu na Chuo Kikuu cha Kabianga au Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet ni wangapi wanaolipa chini ya hapo. Ukizidi shilingi moja, umetoka nje ya baraza na unabaki na mahakama za kawaida. Nani atampeleka landilodi kortini kwa sababu ya doa la ukutani, na kodi ya mwezi ujao bado hajaipata?

Kuna wapangaji wengine ambao mambo yao ni magumu zaidi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kuridhisha au marupurupu ya nyumba. Kwenye mashamba makubwa ya majanichai, kawaida tangu enzi za mkoloni imekuwa kutoa nyumba zenyewe. Sisemi kila nyumba ya kampuni ina kuvu. Ninasema hivi: ukiwa mchunaji, ukilalamika juu ya paa unamlalamikia bosi wako, na ukiacha kazi unaacha nyumba. Mtu wa namna hiyo hunyamaza. Halafu mashine za kuchuna zimeingia. Mei 2023 Kericho ilishuhudia vurugu juu ya mashine hizo, zikateketezwa na mtu akapoteza maisha. Habari ilikuwa ajira, na ilistahili. Lakini kazi ya shambani ikipotea, familia inapoteza pia paa, inakuja kutafuta chumba Nyagacho au Kapsoit, wengi zaidi katika futi zile zile kumi kwa kumi. Wengi ndani ya chumba ni mvuke zaidi, na mvuke zaidi ni kuvu zaidi.

Na wewe uliyeajiriwa, angalia karatasi yako ya mshahara. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ipitishwe Machi 2024, unakatwa asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Mjadala wote umekuwa juu ya nyumba mpya: ngapi, wapi, nani atapewa ufunguo. Ni mjadala wa maana. Ila wengi wetu mwaka huu, mwaka ujao na mwingine tutalala katika nyumba ambazo tayari zimejengwa, na hizo hakuna anayezizungumzia.

Wiki hii fanya hivi

Wakati siasa inasubiri, kifua hakisubiri. Sukuma kitanda na kabati viachane na ukuta kwa upana wa kiganja. Fungua dirisha na mlango kwa robo saa asubuhi na mara tu baada ya kupika, hata kama kuna baridi. Upepo wa muda mfupi hutoa mvuke bila kupoza kuta. Funika sufuria. Fua asubuhi mapema uwahi jua kabla ya mvua ya alasiri.

Kuvu ndogo kwenye ukuta mgumu isugue kwa maji na sabuni, umejifunga kitambaa au barakoa puani na kuvaa glavu, kisha kausha kabisa. Dawa ya kung'arisha nguo kama Jik inaweza kusaidia kwenye vigae na saruji iliyolainishwa, lakini usiichanganye kamwe na asidi ya choo wala dawa nyingine. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu. Godoro au zulia lililooza kwa kuvu halisafishiki, litoe nje. Mwenye pumu asipewe kazi hii.

Na hili nalisema kwa herufi nzito kichwani: usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili "kukausha hewa". Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu wamelala nayo wasiamke. Afadhali kuvu ya usiku mmoja.

Kisha weka kumbukumbu. Piga picha kila kona siku ya kuingia, kabla hujaweka godoro. Ukiona doa, piga picha tena na uandike ujumbe kwa landilodi au keateka wenye tarehe, ukieleza ni maji ya aina gani kati ya yale matatu. Simu haiachi ushahidi, ujumbe unaacha, na siku ya kudai dipoziti utakufaa. Akinyamaza, msiende mmoja mmoja. Wapangaji wanane wenye picha wakifika pamoja kwa afisa wa afya ya umma wa wadi na kuomba ukaguzi chini ya Sura ya 242, hawawezi kuambiwa wanaanika nguo vibaya wote wanane.

Lakini usiniambie hilo latosha. Hakuna dirisha litakalotibu msingi usio na DPC. Kinachohitajika ni kidogo na bunge la kaunti linaweza kukijadili kesho: muda maalumu wa kukagua ripoti ya unyevu, muda maalumu wa kurekebisha, marufuku ya kupaka rangi juu ya kuvu kabla ya kuziba maji, na sharti la mahali palipoezekwa pa kuanika nguo kwa kila ploti mpya. Kwa nyumba za mashambani, chama cha wafanyakazi kinaweza kuleta kipimo cha unyevu mezani kinapojadili mkataba wa pamoja, kama kinavyoleta bei ya kilo. Wanunuzi wa chai walio ng'ambo nao hutaka vyeti kama vya Rainforest Alliance, ambavyo vigezo vyake vinagusa makao ya wafanyakazi. Nao waulizwe wanakagua nini wakifika kambini.

Agosti 2027 haiko mbali. Wataanza kuja kwa boda na fulana, wakiahidi viwanja, barabara na viwanda. Diwani au gavana mtarajiwa akisimama mbele yako, muulize swali moja tu: ripoti ya unyevu ikifika kwa afisa wa kaunti yako, atagonga mlango wangu baada ya siku ngapi? Akikujibu kwamba hapa ni Kericho na baridi ndiyo hiyo, unajua la kufanya debeni.